Fuko wa nyanda kame afichua siri ya jeni zenye ubinafsi

CHINI ya ardhi ngumu ya nyanda kame za Kaskazini Mashariki mwa Kenya anaishi mnyama mdogo ambaye ni wachache waliowahi kumwona, ingawa wafugaji wengi hupita juu ya makao yake. Ni fuko asiye na manyoya, anayejulikana kwa wataalamu wa wanyama kama Heterocephalus glaber. Mwili wake hulingana na kidole cha mtu mzima, uzito wake kwa kawaida ni kati ya gramu 30 na 40, ngozi yake ni ya waridi iliyokunjamana, na meno yake ya mbele yamechomoza nje ya midomo ili aweze kuchimba bila kumeza udongo.

Maskani yake ni Pembe ya Afrika: Somalia, sehemu za Ethiopia, na kaskazini na mashariki mwa Kenya, yakiwemo maeneo yaliyokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi mwaka 2013 na ambayo sasa ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Mvua inapolainisha udongo, dalili za kuwapo kwake hudhihirika: vilima vidogo vya mchanga vyenye tundu katikati, ambamo udongo hurushwa nje kwa teke mfululizo kama volkano ndogo inayofuka.

Hata hivyo, si umbo lake lililomletea umaarufu duniani. Katika kundi la fuko hawa, ambalo kwa wastani huwa na wanyama 70 hadi 80 na mara nyingine hukaribia 300, ni jike mmoja tu anayezaa. Majike wengine wote, pamoja na takriban madume wote, huishi na kufa bila kupata mtoto. Kazi yao ni kuchimba, kutafuta mizizi, kuwalea watoto wa malkia na kuwafukuza nyoka.

Kwa nini mnyama akubali kufa bila uzao? Swali hilo limewashughulisha wataalamu kwa miaka mingi, na jibu lake linagusa jambo pana zaidi: uhusiano uliopo kati ya jeni, yaani chembe za urithi, na namna wanyama wanavyopandana. Desturi ya kupandana huamua ni jeni zipi zitakazostawi. Jeni zilizostawi nazo huja kuamua desturi ya kupandana katika vizazi vinavyofuata. Vitu hivi viwili vimekuwa vikifinyangana tangu zamani za kale, na mifano iliyo wazi inapatikana hapa hapa Afrika Mashariki.

Maana ya ubinafsi wa jeni

Neno "jeni yenye ubinafsi" lilienezwa na Richard Dawkins, mwanasayansi Mwingereza aliyezaliwa Nairobi mwaka 1941, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1976. Wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kuelezwa kihesabu na Mwingereza mwingine, William Hamilton, katika makala zake za mwaka 1964.

Jeni haina akili wala nia. Ubinafsi wake ni wa hesabu tu. Jeni inayosababisha nakala zake ziongezeke itaonekana kwa wingi katika kizazi kijacho, na ile inayosababisha nakala zake zipungue itatoweka. Nakala hizo si lazima zipitie kwa watoto wa mnyama mwenyewe. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushiriki, kwa wastani, nusu ya jeni zao. Ndugu wa mama mmoja na baba tofauti hushiriki robo, na binamu hushiriki sehemu moja ya nane.

Hamilton alionyesha kwamba jeni inayomfanya mnyama amsaidie ndugu yake inaweza kuenea endapo faida anayoipata ndugu, ikizidishwa kwa kiwango cha undugu, ni kubwa kuliko hasara anayoipata msaidizi. Kwa lugha nyepesi, anayejinyima ili kuwalea wadogo zake hajapoteza kila kitu, kwa sababu ndani ya wadogo hao zimo nakala za jeni zake mwenyewe.

Hapa ndipo kupandana kunapoingia. Kiwango cha undugu ndani ya familia hutegemea nani amepandana na nani. Mama anayepandana na dume mmoja huzaa watoto walio karibu sana kijeni. Anayepandana na madume wengi huzaa watoto ambao undugu wao ni hafifu, na faida ya kusaidiana hupungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu nyuki, nyigu na mchwa weusi wa jamii ya siafu na sisimizi ulithibitisha jambo hilo: katika koo zote zilizochunguzwa, maisha ya malkia na wafanyakazi yalianza kwa mababu ambao jike alipandana na dume mmoja tu.

Utabiri uliotimia

Historia ya fuko huyu katika sayansi ina jambo la ajabu, kwa maana maisha yake yalitabiriwa kabla hayajajulikana. Mwaka 1976 Richard Alexander, profesa wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, alitoa mhadhara katika jimbo la Arizona. Alieleza kwamba iwapo angekuwapo mnyama mwenye uti wa mgongo anayeishi kwa malkia na wafanyakazi kama mchwa, basi angeishi chini ya ardhi, katika nchi ya joto yenye udongo mgumu na misimu ya ukame, akila mizizi mikubwa inayopatikana kwa nadra.

Msikilizaji mmoja, Terry Vaughan, ambaye alikuwa na uzoefu wa wanyama wa Kenya, alimwambia kwamba maelezo hayo yanamfaa kabisa fuko asiye na manyoya. Alexander akaelekezwa kwa Jennifer Jarvis, mtafiti aliyeanza kuwachunguza fuko hao nchini Kenya katika miaka ya 1960 na ambaye wakati huo alikuwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1981 Jarvis alitangaza katika jarida la Science kwamba ndani ya kundi alilolifuga ni jike mmoja tu aliyezaa. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa maisha ya aina hiyo kwa mnyama anayenyonyesha.

Malkia hupandana na madume wachache, kwa kawaida mmoja hadi watatu. Hubeba mimba kwa takriban siku 70, na anaweza kuzaa mara kadhaa kwa mwaka. Kila uzazi huleta watoto 10 au zaidi, na imewahi kurekodiwa uzazi wa watoto zaidi ya 25 kwa mkupuo mmoja. Majike wengine si tasa kwa maumbile. Miili yao imezuiwa kupevuka kutokana na kuishi chini ya utawala wa malkia, ambaye huzunguka mashimoni akiwasukuma na kuwakemea wavivu. Malkia akifa, majike kadhaa huanza kupevuka na kupigana, mara nyingi hadi kufa, mpaka mmoja ashike nafasi.

Ukame una sehemu kubwa katika mpango huu. Mizizi wanayoitegemea hutawanyika mbali mbali, na kuchimba udongo mkavu hugharimu nguvu nyingi. Fuko mmoja au wawili wanaweza kufa njaa kabla hawajagonga mzizi, lakini kundi kubwa linaposhirikiana baada ya mvua hupata chakula cha miezi mingi. Anayeondoka nyumbani anahatarisha maisha. Anayebaki ana uhakika wa kula na wa kuwalea ndugu zake. Hesabu ya Hamilton inaegemea upande wa kubaki.

Kupandana kunapogeuza mwili

Desturi ya jike mmoja na madume wachache imeacha alama katika mwili wa fuko mwenyewe. Kwa wanyama ambao jike hupandana na madume wengi katika kipindi kimoja, mbegu za madume hao hushindana ndani ya mwili wa jike. Dume mwenye mbegu nyingi, zenye kasi na zilizokamilika, ndiye anayepata watoto, na jeni zinazotengeneza mbegu bora huenea.

Kwa fuko asiye na manyoya ushindani huo umekwisha. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Gerhard van der Horst wa Afrika Kusini walichapisha uchunguzi wa mbegu za madume wa fuko hao. Walikuta mbegu zenye maumbo yasiyo kamili, nyingi zikiwa na kasoro, na sehemu ndogo tu kati yake zikiweza kuogelea, tena polepole. Maelezo yao ni kwamba pasipo na mshindani, uteuzi wa asili hauna sababu ya kuchuja kasoro hizo. Dume aliyechaguliwa na malkia hana mpinzani wa karibu, na mbegu dhaifu zinamtosha.

Huu ni mfano wa upande mmoja wa uhusiano: desturi ya kupandana imetangulia, na jeni za mbegu zimeifuata.

Jeni zinapomtuma mnyama kutafuta mgeni

Upande wa pili unaonekana kwa wale wanaohama. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba fuko hawa hawatoki nyumbani kamwe, na kwamba malkia hupandana na kaka zake au wanawe kizazi baada ya kizazi. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka 1990 ulionekana kuthibitisha hivyo: undugu ndani ya kundi ulikadiriwa kuwa 0.81, kiwango kinachozidi sana nusu ya kawaida ya ndugu wa tumbo moja.

Mwaka 1996 Justin O'Riain na wenzake walieleza katika jarida la Nature juu ya fuko wa aina ya pekee wanaotokea mara chache ndani ya makundi. Fuko hao hunenepa kwa kuhifadhi mafuta mwilini, hufanya kazi kidogo, hujaribu kila mara kutoka nje ya mashimo, na hukataa kupandana na ndugu wa kundi lao. Wakikutanishwa na fuko wa kundi jingine, hupandana naye bila kusita. Majaribio mengine ya maabara yalionyesha kwamba majike wakipewa nafasi humpendelea dume mgeni kuliko ndugu waliyekua pamoja naye.

Stan Braude wa Chuo Kikuu cha Washington cha mjini St. Louis amewafuatilia fuko porini katika Mbuga ya Kitaifa ya Meru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Garissa, tangu miaka ya 1980. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2000 yalionyesha kwamba fuko wa porini huhama kweli, na kwamba makundi mapya huweza kuanzishwa na wahamaji waliokutana.

Mantiki ya jambo hili inaeleweka. Kupandana kwa ndugu huongeza undugu na hivyo kuimarisha kusaidiana, lakini kuna gharama. Kila mnyama hubeba jeni chache zenye kasoro zilizojificha, kwa kuwa nakala nzima kutoka kwa mzazi wa pili huzifunika. Ndugu wanapozaa pamoja, nakala mbili zenye kasoro hiyo hiyo hukutana na madhara hujitokeza, ama kwa udhaifu wa watoto ama kwa wepesi wa kundi zima kushambuliwa na ugonjwa mmoja. Kwa hiyo jeni inayomtuma mnyama mmoja mmoja kwenda kutafuta mwenzi ugenini huweza kustawi hata ndani ya familia iliyojifungia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na methali hiyo ina ukweli hata katika maisha ya panya.

Mto uliowapotosha wataalamu

Je, fuko hawa wanapandana ndugu kwa ndugu kwa sababu ndivyo walivyoumbwa, au kuna sababu nyingine? Jibu limetokana na jiografia ya Kenya, na hasa mito Athi na Tana.

Sampuli zilizotumika katika uchunguzi wa awali wa kijeni zilitoka kusini mwa mto Athi. Mwaka 2015 Colleen Ingram, Braude na wenzao walichapisha utafiti uliolinganisha makundi ya fuko kutoka kusini na kaskazini mwa mito Athi na Tana. Waligundua kwamba mito hiyo imewatenga fuko katika jamii zinazotofautiana kijeni. Makundi yote ya kusini mwa Athi yalikuwa na aina moja tu ya DNA inayorithiwa kwa mama, na katika sehemu nyingi za jeni zilizopimwa hayakuonyesha tofauti yoyote. Makundi ya kaskazini yalikuwa na tofauti nyingi zaidi.

Tafsiri ya watafiti hao ni kwamba fuko wa kusini wanatokana na waanzilishi wachache waliowahi kuvuka mto. Undugu wao wa kupindukia ni matokeo ya tukio hilo la kihistoria. Hauwezi kuchukuliwa kuwa desturi ya kupandana ya fuko wote. Kwa maneno mengine, sayansi ilikuwa imewahukumu fuko wa Pembe ya Afrika kwa kuitazama familia moja iliyohama.

Hoja hiyo inaungwa mkono na jamaa yao wa jangwa la Kalahari, fuko wa Damaraland, anayepatikana Namibia na Botswana. Naye pia huishi kwa jike mmoja anayezaa na wasaidizi wengi, lakini hukwepa kupandana na ndugu. Kinachoonekana kuwa cha lazima ni familia ya wazazi wachache na nchi kame inayomwadhibu anayeondoka. Kupandana kwa ndugu huongeza undugu, ila si msingi wa jengo.

Mji wa Garissa umejengwa kando ya mto Tana, na nchi inayoanzia hapo kuelekea mashariki na kaskazini inaingia ndani kabisa ya maskani ya asili ya mnyama huyu. Atakayetaka kujua desturi halisi ya fuko hana budi kuitazama nchi hiyo.

Jeni laghai na wenzi wasiojuana

Jeni zilizotajwa hadi sasa hufaidika kwa kumfaidi mnyama au jamaa zake. Ziko nyingine ambazo ubinafsi wake ni wa kweli zaidi, kwani hujinufaisha kwa hasara ya mwili uliozibeba. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa kawaida kila jeni ina nafasi sawa ya kupita kwa mtoto: nusu kwa nusu. Jeni laghai huvunja kanuni hiyo. Kwa panya mdogo wa nyumbani kuna fungu la jeni liitwalo t, ambalo dume mwenye nakala moja hulipitisha kwa zaidi ya asilimia 90 ya watoto wake, kwa kuziharibu mbegu zake nyingine ambazo hazikulibeba. Mtoto anayelirithi kwa wazazi wote wawili mara nyingi hufa kabla ya kuzaliwa.

Jeni ya namna hiyo haiwezi kustawi katika familia iliyojifungia. Hila yake hufaulu tu inapokaa pamoja na jeni nyingine ya kudhulumiwa. Ndugu wakizaa pamoja, nakala mbili laghai hukutana mara kwa mara na kuangamiza watoto. Inahitaji wenzi wapya kama ugonjwa wa kuambukiza unavyohitaji watu wapya. Utafiti wa miaka mingi wa panya wa ghala moja karibu na mji wa Zürich, Uswisi, umethibitisha mambo mawili. Kwanza, majike wanapopandana na dume zaidi ya mmoja, dume mwenye t hushindwa, kwa sababu mbegu zake ni pungufu na dhaifu. Pili, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2018, panya wenye t huwa wepesi zaidi wa kuhama. Jeni imemtuma mbebaji wake kwenda ambako haijafika.

Mfano mwingine uko jirani. Katika miaka ya 1960 Denis Owen, aliyekuwa akifundisha Makerere, aliona kwamba baadhi ya vipepeo wa aina ya Acraea encedon wa mjini Kampala walizaa majike watupu. Baadaye ilibainika kwamba chanzo ni bakteria aitwaye Wolbachia, anayepita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto ndani ya yai. Kwa bakteria huyo dume ni njia isiyopitika, hivyo huwaua madume wangali mayai, na majike waliosalia hupata chakula zaidi. Si jeni ya kipepeo mwenyewe, lakini hurithiwa kama jeni na kutenda kama jeni laghai.

Matokeo yake kwa desturi ya kupandana ni ya kushangaza. Mwaka 2000 Francis Jiggins na wenzake walieleza kwamba katika sehemu za Uganda ambako zaidi ya asilimia 90 ya majike wameambukizwa, majike ndio wanaokusanyika kwa makundi vileleni mwa vilima na kuwasubiri madume wachache waliosalia. Katika vipepeo wengi kazi hiyo ya kukusanyika na kusaka mwenzi ni ya dume. Karibu na Nairobi nako, kipepeo wa rangi ya chungwa aitwaye Danaus chrysippus ana bakteria wa aina nyingine, Spiroplasma, anayeua madume kwa njia inayofanana na hiyo.

Ujuzi huu umeanza kutafutiwa matumizi. Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College ya London walitangaza kwamba wametengeneza jeni laghai inayowafanya mbu majike wa Anopheles gambiae wanaoirithi kwa wazazi wote wawili wasizae wala wasiweze kuuma. Katika vizimba vya maabara, mbu wote walikwisha katika vizazi 7 hadi 11. Kwa wakazi wa Wajir, waliokumbwa na mlipuko mkali wa malaria mwaka 1998 baada ya mvua za El Nino, habari kama hizo si za kupuuzwa. Pamoja na hayo, jeni ya namna hiyo hutegemea kupandana ili isambae. Endapo mbu wa porini watapata desturi ya kuwakwepa wabebaji, au kupandana zaidi ndani ya koo zao, kasi yake itapungua.

Hirola na hatari ya waanzilishi wachache

Mafunzo ya fuko yana uzito wa pekee huko Garissa kwa sababu ya mnyama mwingine ambaye maskani yake ya asili ni kati ya mto Tana na mto Juba. Huyo ni hirola, paa mwenye alama nyeupe kati ya macho mfano wa miwani, anayehesabiwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hirola walihesabiwa kwa maelfu. Sotoka ya miaka ya 1980, ukame, ujangili na kupungua kwa malisho viliwaangusha hadi kufikia takriban 500 au chini yake kwa makadirio ya miaka ya karibuni.

Desturi ya kupandana ya hirola huifanya idadi hiyo kuwa ndogo zaidi kuliko inavyoonekana. Dume mmoja hutawala kundi la majike na kuwazuia wengine wasiwakaribie. Madume wengi huishi pembeni bila kuzaa. Kwa hiyo, kati ya wanyama 500, jeni za kizazi kijacho hutoka kwa madume wachache tu, na undugu huongezeka haraka. Tofauti na fuko, hirola hana mashimo yanayomkinga dhidi ya maadui, wala ndama wake hawalelewi na jeshi la wasaidizi. Anapata gharama ya undugu bila kupata faida yake.

Mwaka 1963 baadhi ya hirola walichukuliwa kutoka Garissa na kuachiliwa Tsavo Mashariki, na mwaka 1996 wengine wakaongezwa. Kijeni, tukio hilo linafanana na lile la fuko waliovuka mto Athi: waanzilishi wachache wakiwa wamekatwa na jamaa zao kwa mto na umbali. Mwaka 2012, katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, hirola 48 waliingizwa ndani ya eneo lililozungushiwa uzio ili kuwalinda dhidi ya wanyama wakali, nao wakaongezeka. Uzio huo umewaokoa ndama wengi. Lakini uzio, kama mto, huzuia pia wenzi wapya wasiingie, na hivyo kuwatoa na kuwaingiza madume kati ya makundi yaliyotengana ni sehemu ya lazima ya uokoaji wenyewe.

Wafugaji wa ngamia wa eneo hilo hawahitaji kufundishwa msingi wa jambo hili. Wanajua kwamba dume mmoja aliyeteuliwa hubadilisha kundi zima kwa miaka mingi, na kwamba kosa katika kumteua huonekana kwa ndama wakati ambapo ni vigumu kulirekebisha. Kwa hirola muda ni mfupi zaidi. Jeni inayopotea pamoja na dume wa mwisho aliyeibeba hairudi, hata kama idadi ya wanyama itaongezeka tena baadaye.